Mjane wa Tuta la Kumi na Moja

Kazi yangu ni kugawa matuta. Nikiulizwa na watu wa heshima husema ninasimamia mpango wa bustani za mitaa katika mji wa Kibaha, na nikiona bado wananitazama huongeza maneno kuhusu lishe na mazingira. Ukweli ni kwamba nina maeneo mawili ya wazi, moja Tangini na jingine Kongowe, nimeyakata matuta, na mimi ndiye ninayeamua nani alime lipi. Watu wananiita bwana shamba, kama walivyowaita wale waliokuja kabla yangu na baiskeli zao, na jina hilo halinikeri.

Asiyeijua kazi hii hudhani shida yake ni wadudu au maji. Wadudu wana dawa, na maji yakikatika hurudi. Shida ni tuta lililolala. Mtu anaomba tuta kwa machozi, anapewa, mchicha wake unaota vizuri mwezi mmoja, halafu anapata shughuli nyingine na tuta linageuka pori katikati ya mboga za wenzake. Wakati huohuo kwenye daftari langu kuna majina ya watu wanaosubiri. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabembeleza. Mwaka wa pili niliandika kanuni: tuta likikaa siku thelathini bila kushikwa, anapewa mwingine. Niliipiga chapa, nikaitia ndani ya nailoni mvua isiiharibu, nikaibandika kwenye ubao wa langoni. Niliipenda sana ile karatasi. Nilikuwa nikipita langoni naisoma tena, ingawa niliiandika mimi.

Tuta la kumi na moja pale Tangini lilikuwa la mama mmoja wa makamo, mpole wa sauti na mkaidi wa mambo mengine yote. Nilipofundisha kupanda kwa mstari, yeye alipanda kwa mstari tuta zima isipokuwa kona ya mwisho, ambako alipanda anavyotaka. Kona hiyo ilikuwa ya nyanya chungu. Zilikuwa ndogo, za mviringo, zenye michirizi ya kijani, na uchungu wake ulikuwa uchungu wa kweli, si huu wa siku hizi wa kubahatisha. Mbegu yake ilitoka Masaki, huko Kisarawe, na hapa mjini sijaiona kwa mtu mwingine. Kila msimu alichagua miche mitatu akaifunga shinani vipande vya kanga kuukuu. Nilidhani ni vya kuishikilia isilale. Nimesomea kilimo na nina cheti ukutani, lakini sikuuliza.

Siku ya kumwandikisha nilijaza fomu mimi mwenyewe, chini ya turubai, kwa sababu ukiwaachia watu wajaze wenyewe utakesha ukisoma miandiko. Kipaumbele kilikuwa kwa wanawake wasio na waume. Fomu ilikuwa na mstari wa hali ya ndoa na visanduku vinne: ameolewa, hajaolewa, ameachika, mjane.

"Naishi peke yangu," alisema.

"Hilo halimo humu, mama. Umeolewa?"

Akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Umeachika?"

"Sijaachika."

"Sasa?"

Foleni ilifika barabarani, jua lilikuwa limeshaingia chini ya turubai, na nilikuwa sijanywa chai. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema, "Mwandikie mjane, bwana shamba, twende." Nikaandika mjane. Yule mama alifungua mdomo, akaufunga, akaweka sahihi yake kwa herufi moja moja. Nikamwita wa pili.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akija bustanini mwanamume mmoja mrefu, amevaa kofia ya mkono, na nyuma ya pikipiki yake amefunga kiroba cha muhogo. Niliambiwa ni kaka yake, mkulima wa Masaki. Akitokeza tu langoni, wanawake walikuwa wakipiga kelele, "Marehemu huyoo!" Naye alijibu, "Marehemu ana njaa, mmepika nini?" Wote walicheka mpaka wakaacha kumwagilia. Alikuwa akigeuza ndoo, akaikalia, akamsaidia dada yake kuchambua mchicha, na akiniona ananitengea mihogo miwili, siku zote miwili, akisema mmoja ni wa bwana shamba na mwingine ni wa cheo chake. Nilimpenda. Huku pwani watu wana majina ya utani ya ajabu kuliko hilo, na utani wa watani hauulizwi sababu, kwa hiyo sikuuliza hilo pia.

Halafu wiki moja yule mama hakuonekana. Wiki ya pili hakuonekana. Nyanya chungu zilianza kuwa nyekundu mtini, mchicha ukarefuka ukatoa mashuke. Nikawauliza wenzake.

"Amefiwa," walisema.

"Amefiwa na nani?"

Walitazamana. "Na mtu wa kwao."

"Yuko wapi?"

"Hukohuko kwao, Kisarawe."

Nikasema pole, nikawaomba wamfikishie. Kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni ungwana mkubwa. Kanuni ilisema siku thelathini, lakini mimi ni mtu wa hukohuko, nimezaliwa upande wa Kisarawe, naujua msiba. Watu wakishasoma hitima ya arobaini hufunga mizigo na kurudi kwenye kazi zao. Nikawaambia, "Mfikishieni salamu kwamba namsubiri mpaka arobaini ipite. Kanuni hainiruhusu, lakini nimeamua mwenyewe."

Wakajibu, "Haya." Mmoja alianza kusema kitu, mwenzake akamvuta ncha ya kanga. Niliiona ile kanga ikivutwa. Nikaenda kukagua pampu.

Siku ya arobaini na moja nilikwenda na rangi na brashi, nikafuta jina kwenye kibao cha tuta la kumi na moja. Daftari lilikuwa na binti mmoja aliyesubiri muda mrefu, aliyeachika, na mtoto mgongoni. Nikampa. Wanawake wengine walinisalimia siku hiyo kwa adabu kamili, na hilo ndilo lililonisumbua, maana kwa kawaida hunitania kuhusu tumbo langu. Nilijiambia ni joto.

Baada ya wiki tatu nilipita kukagua. Binti alikuwa amefanya kazi nzuri, mchicha umesimama, udongo umelainika, samadi ya kuku kutoka Kongowe ameichanganya ipasavyo. Lakini kwenye ile kona alikuwa amelima kwa kuzunguka. Ile miche mitatu ya nyanya chungu ilikuwa bado imesimama, imekauka nusu, na vile vitambaa vyake shinani.

"Hizi za nini?"

"Za mwenye tuta, bosi."

"Mwenye tuta ni wewe."

"Wamama wamesema zisiguswe."

"Hapa anayegawa matuta ni mimi au ni wamama?"

"Ni wewe, bosi."

"Zing'oe. Zinakula nafasi na zinaleta utitiri. Nikirudi nisizione."

Alisema sawa. Alikuwa na sababu ya kuniogopa, kwani tuta lile ndilo lililokuwa likimlisha yeye na mtoto, na mkono uliompa ulikuwa wangu.

Siku chache baadaye nilikwenda Masaki kutafuta mbegu za muhogo kwa ajili ya bustani ya Kongowe. Pale wenyeji wanajua muhogo, wanakukatia shina wakijua litaota. Nilifunga mizigo yangu kwenye pikipiki ya kazi, na nilipokuwa naaga nikakumbuka yule kaka mtu. Nikaona si vizuri kufika kwao nisimsalimu, na nilitaka anifikishie pole kwa dada yake. Nikamweleza mwenyeji aliyenikatia mashina: mrefu, kofia ya mkono, anakwenda Kibaha kila Ijumaa na kiroba.

"Ah," alisema. "Yule ametangulia. Alikuwa juu ya mkorosho, akasikia kifua, akashuka mwenyewe, akakaa chini. Hakuinuka tena. Miezi miwili na zaidi sasa."

"Na dada yake?"

"Dada yake yupo hapo nyumbani, anawaangalia wale wajane. Wote wawili wanakaa eda nyumba moja, mke mkubwa wa hapa na mke mdogo wa Kibaha. Huyo mdogo msiba ulimkuta hapahapa, alikuja kuwatembelea."

Nilimuuliza mara ya pili ili nipate muda wa kupanga uso wangu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hatoki, haendi shamba, haendi sokoni, na hakuna wa kumhimiza. Hilo halihitaji kusomewa chuoni. Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la sita, na mama yangu alipokaa ndani mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani kila kitu, mpaka sindano. Nilijua kuhesabu eda kabla sijajua kuhesabu ekari. Lakini nilihesabu arobaini, kwa sababu kwenye karatasi yangu yule mwanamke alikuwa mjane tayari, na mjane hafiwi na mume mara ya pili.

Na wale wenzake walijua. Kusema "amefiwa na mumewe" kungekuwa kusema alikuwa na mume, kwamba fomu ilidanganya, na kwamba tuta hakulistahili. Kunyamaza kungemkosesha tuta vilevile. Walichagua kunyamaza, angalau aibu isiwepo. Nikakumbuka pia kelele za Ijumaa, "Marehemu huyoo", na nikaelewa ule utani ulikuwa unahusu nini. Ulikuwa unahusu mwandiko wangu.

Nikaomba nipelekwe kutoa pole.

Nyumba ilikuwa ya bati, na kibaraza cha saruji, mikorosho nyuma. Nilitandikiwa mkeka nje. Wifi mtu, yaani dada wa marehemu, mama mtu mzima kuliko mimi, alikaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Pazia lilikuwa limeshushwa nyuma yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema niseme ninalotaka, naye atafikisha.

"Waambie nawapa pole. Ni mimi, bwana shamba wa Kibaha."

Aligeuka akasema kwa sauti ileile, kwa watu waliokuwa hatua mbili kutoka kwangu, "Bwana shamba wa Kibaha anawapa pole."

Nikasikia sauti mbili zikiitikia, moja niliijua. Wifi akanirudia mimi. "Wanasema wamepoa. Yule wa Kibaha anauliza, bustanini hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Hawajambo wote," akafikisha.

Kuku walikuwa wanachakura majani makavu ya mikorosho. Ningeweza kuishia hapo, kunywa maji na kuondoka, na nusu ya nafsi yangu ilikuwa tayari imeshawasha pikipiki. Lakini ningekuwa nimemwacha atoke eda, afike Tangini na keni yake ya kumwagilia mkononi, akute jina limefutwa mbele ya watu wote.

"Mwambie," nikasema, "tuta lake limeshatolewa. Nilihesabu arobaini. Sikujua."

Wifi alinitazama muda mrefu kidogo kabla hajageuka. Akayasema maneno yangu yote, hakupunguza hata moja. Nyuma ya pazia hapakutoka sauti. Wifi akasubiri, nami nikasubiri. Mwishowe akanigeukia.

"Anasema sawa," akaniambia.

Nilikuwa nimekaa palepale. Nilisikia vizuri kwamba hakusema kitu. Niliona aibu kiasi kwamba nilianza kuchomoa nyuzi za ule mkeka, mpaka nikakumbuka ni mkeka wa watu.

Baadaye sauti ilitoka, ya chini, na wifi akaileta. "Anauliza nani kapewa."

"Binti mmoja mwenye mtoto. Ameachika."

"Anasema mwache avune kwanza, usimtoe na mboga changa." Akasikiliza tena. "Anauliza, zile za kitambaa zipo? Mche ukifungwa kitambaa hauguswi, ni mbegu. Mbegu yenyewe alipewa na huyu marehemu, kaitoa hapa kwa bibi yao. Na huku mwaka huu haipo, mvua ilizila zote."

Nilisema zipo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Pengine niliona nikitamka kwanza, zitakuwepo. Niliaga kwa haraka isiyo ya adabu, nikapanda pikipiki na ule mzigo wa mashina ya muhogo ukinichapa mgongoni, nikaipita Kisarawe mjini bila kusimama hata kwa mama yangu, na nilipofika Tangini ilikuwa alasiri, wanawake wanamwagilia.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kona. Mche mmoja ulikuwa umesimama. Mahali pa ile miwili palikuwa pametifuliwa.

Binti alikuja mbio, mtoto anarukaruka mgongoni. "Nautoa leo, bosi. Wallahi nautoa."

"Mingine iko wapi?"

"Nimetupa kule kwenye mboji. Imeshafunikwa na samadi." Kisha akaongeza, "Nilikuwa natoa mmoja mmoja. Kila ukipita uone pamepungua."

Nilimuelewa. Alikuwa amebanwa kati yangu na wamama, akawa anatii polepole. Nikamwambia ule uliobaki asiuguse, na nikamweleza ni kwa nini, na kwamba mwenye tuta yuko eda na atarudi. Alisema, "Poa, bosi." Halafu akaendelea kumwagilia, ila alimwagilia sehemu moja tu kwa muda mrefu mno, mpaka maji yakatengeneza dimbwi.

Wanawake wengine walikuwa wamesimama na ndoo zao. Nikawaambia, "Mngeniambia."

"Tungekwambia nini, bwana shamba?" akajibu yule aliyesema mwandikie mjane. "Wewe si ndiye mwenye fomu?"

Wiki ile niliitoa kanuni yangu ubaoni, nikaichapa upya. Niliongeza kwamba siku hazihesabiwi kwa mtu aliye kwenye eda. Waliisoma kimyakimya, kisha mmoja akaniambia nimesahau uzazi. Nikaitoa tena, nikaongeza uzazi. Nyuma ya bustani kulikuwa na mahali pa kulundika mboji, ambapo nilikuwa nimekataa kuwapa watu miaka yote kwa sababu kwenye ramani pameandikwa mboji. Nikaihamisha mboji. Kulipatikana tuta moja, fupi, lenye mawe, la kusumbua jembe. Nilimwonyesha binti nikamwambia litakuwa lake akishavuna. Alilitazama, akasema lina mawe. Nikasema ndiyo, lina mawe. Siku ya pili nilimkuta anayaokota, na wamama wawili wanamsaidia.

Fomu ya tuta la kumi na moja niliitoa kwenye faili nikaiweka kwenye droo ya meza yangu. Nilikuwa nikifungua droo kutafuta kalamu naiona. Kisheria ilikuwa fomu ya uongo na mwenye nayo alistahili kufutwa. Nilijua pia uongo wenyewe uliandikwa na mkono wa nani, na kwa haraka gani. Mke anayeishi mji mmoja, mume akaishi kwingine na mke mkubwa, wakaonana Ijumaa, hakuwa na kisanduku. Anajilisha mwenyewe sawa na mjane yeyote, ila Ijumaa anacheka.

Alikuja ofisini asubuhi, siku chache baada ya kutoka eda. Alivaa kanga mpya zilizokuwa bado zinanukia duka, na alikuwa amepungua. Nilisimama nikampa shikamoo. Kabla ya hapo tulikuwa hatuna desturi hiyo ofisini, nilikuwa nikiwaambia tu watu "karibu, kaa".

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka."

"Pole sana, mama."

"Nishapoa."

"Tuta lako lipo. Jina nimeliandika upya."

"Nimepita kuliona kabla sijaja hapa. Ule mche mmoja umekauka vizuri. Unatosha. Mbegu ya nyanya chungu haitaki wingi." Mikono yake ilikuwa imelainika kwa kukaa ndani, na alikuwa anaitazama kama vile si yake. "Ile karatasi unayo?"

Nilijua anaulizia ipi. Nikafungua droo, nikaiweka mezani kati yetu.

"Hapo umeandika mjane."

"Nimeandika."

"Alikuwa hai," akasema. "Siku ile alikuwa shambani anapalilia. Mimi nikamzika kwenye karatasi yako, nipate pa kupanda mchicha. Jioni nilipompigia simu kumwambia, alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi sikucheka. Kila walipomwita marehemu pale bustanini nilikuwa nasema moyoni, Mola wangu, huu ni utani, usiusikilize."

Nikamwambia yale ambayo mtu huambiwa: kwamba siku ya mtu kufa iko kwa Mungu, haiandikwi na ofisi, na kwamba kosa lilikuwa langu, niliyeuliza maswali mawili matatu nikaandika bila kusubiri jibu.

"Najua," akasema. "Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani najiambia hivyohivyo."

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Ichane."

"Karatasi ya ofisi haichanwi," nikasema. Ilinitoka yenyewe. Nilijisikia vibaya kabla hata sijamaliza, kwa sababu ni kweli haichanwi, na kwa sababu baada ya yote yale bado mimi ni mtu wa kusema hivyo.

Hakubishana. Alianza kufunga ncha ya kanga yake, tayari kuinuka.

Nikachukua kalamu. Nikachora mstari mmoja ulionyooka juu ya neno mjane, si wa kulifuta lisisomeke, mstari mmoja tu kama tunavyofundishwa. Juu yake nikaandika: ameolewa. Pembeni nikaweka sahihi yangu, kuonyesha nani kasahihisha. Kwa sahihi ile nilikuwa nimekiri kwamba miaka yote ile tuta lilikuwa mikononi mwa mtu asiyestahili kulipata, na siku mkaguzi atakapofungua faili, atakayeulizwa ni mimi. Nitamjibu siku hiyo. Kisha nikatoa fomu mpya, nikaijaza mstari kwa mstari, nikamuuliza kila kitu upya, hata nilichokijua. Nilipofika hali ya ndoa nikasita.

"Hapo andika," akasema.

Niliandika mjane kwa mara ya pili, polepole zaidi. Aliweka sahihi yake, herufi moja moja. Kisha akaisogeza ile ya kwanza kwa kidole mpaka ikafika mbele yangu.

"Nisomee hii."

"Ameolewa," nikasoma.

"Tena."

"Ameolewa."

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama leo Tangini maji yanatoka. Nikamwambia yanatoka mpaka saa nne, akainuka akaondoka upesi ili ayawahi.